Uwanja wa Wazi Si Uwanja Mtupu: Tuulizane Kabla ya Kujenga Ukumbi



Katika miji yetu inayokua, kama Kalokol, Lodwar na Kakuma, kuna maneno matamu sana masikioni: "Tutawajengea ukumbi wa jamii." Mara yanasemwa na mjumbe wa wadi, mara na mfadhili, mara na sisi wenyewe tukipanga harambee. Na kweli ukumbi ni kitu kizuri. Akina mama wanaosuka vikapu wanapata kivuli. Vijana wanapata mahali pa masomo ya jioni. Kikundi kinaweka daftari zake ndani ya kabati badala ya kuzibeba kwa mfuko.

Lakini ukumbi haukai hewani. Unakaa juu ya ardhi. Na mara nyingi ardhi inayoonyeshwa kwa kidole ni ule uwanja wa wazi katikati ya mji, kwa sababu watu husema, "Pale hakuna mtu." Toleo hili linataka tuangalie neno hilo kwa makini. Je, ni kweli pale hakuna mtu?

UWANJA UNAFANYA KAZI GANI?

Chukueni uwanja wowote mnaoujua. Asubuhi watoto wanaupita kwenda shule. Siku fulani mbuzi wanauzwa pale. Jioni vijana wanacheza mpira. Chifu akiita baraza, watu wanakaa hapo. Chakula cha msaada kikija, foleni inapigwa hapo. Hakuna bango, hakuna seng'enge, hakuna karatasi, lakini kazi inafanyika kila siku.

Sisi Turkana hatuhitaji mgeni atufundishe jambo hili. Ule mti ambao wazee hukaa chini yake kuamua mashauri, ekitoe ng'ikiliok, hauna mlango wala kufuli, na bado ni mahakama na bunge la watu. Vilevile kando ya mto Turkwel kuna ekwar, yaani sehemu ya miti ambayo familia fulani inajulikana kuwa na haki ya kuitumia, hasa maganda ya kulisha mifugo wakati wa kiangazi. Mgeni akipita anaona msitu tu. Mwenyeji anajua ni wa nani.

Basi uwanja wa wazi ni hivyo hivyo. Kutokuwa na jengo si kutokuwa na wenyewe.

JAMBO LILILOTOKEA NAIROBI

Wengi wenu mmesikia habari za Uhuru Park. Ni bustani kubwa ya wananchi katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba kuna mpango wa kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60. Lilikuwa la shirika la gazeti la Kenya Times, na ndani yake kungekuwa na makao makuu ya chama cha KANU, maofisi, maduka, ukumbi mkubwa na mahali pa kuegesha magari. Kwa maneno mengine, waliopanga walisema ni maendeleo.

Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliuliza swali moja: mtu wa kawaida asiye na shamba wala ua mjini atapumzika wapi Jumapili? Hakuanza kwa mawe. Alianza kwa barua. Aliandika kwa wenye mradi, kwa ofisi za serikali, hata kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama jengo kama hilo lingekubaliwa katika bustani ya Hyde Park kule London.

Alilipa kwa uchungu. Wabunge walimkejeli yeye na wanawake wenzake kwamba ni kundi la walioachwa na waume. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa nayo kwenye jengo la serikali. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi ilitupwa Desemba 1989. Sababu ilikuwa kwamba yeye kama mtu binafsi hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma. Kazi hiyo ilikuwa ya Mkuu wa Sheria.

Lakini barua zilikuwa zimekwisha kufika mbali. Walioombwa pesa za kujenga wakasita, mradi ukapunguzwa mwaka 1990, na mwaka 1992 ule uzio uliokuwa umezungushiwa uwanja ukaondolewa. Bustani ikabaki. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Uhuru Park haikuwa peke yake. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, nayo ilitakiwa kujengwa maduka na maegesho mwaka 1991. Mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na wananchi wengine, walipinga, na bustani iko hadi leo.

Tujifunze nini? Si kwamba kila jengo ni baya. Ni kwamba watu wa Nairobi walikuta mpango umekwisha kukatwa na kushonwa, ndipo wakaambiwa wavae.

CHICAGO WALIFANYAJE?

Kule Marekani, mjini Chicago, kuna bustani ya umma inaitwa Jackson Park. Mwaka 2016 ilichaguliwa kuwa mahali pa Kituo cha Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Kituo chenyewe ni cha makumbusho, maktaba, mahali pa michezo na mikutano. Kilichukua ekari 19 hivi za bustani, kwa mapatano ya miaka 99.

Wakazi waligawanyika. Wengine walikwenda mahakamani mwaka 2018 wakisema bustani ya umma isiguswe. Hawakufaulu, na ujenzi ukaanza mwaka 2021. Wengine walisema hivi: "Kituo tunakitaka, lakini kikija, kodi za nyumba zitapanda na sisi maskini tutahamishwa. Tunataka ahadi zilizoandikwa." Hawa walijipanga kwa vikundi, wakalisumbua baraza la jiji miaka kadhaa, na mwaka 2020 baraza likapitisha sheria ya kulinda makazi katika mtaa wa Woodlawn ulio karibu na bustani. Hawakupata yote waliyoomba. Lakini walichopata kiko kwenye karatasi ya sheria.

Kwa hiyo kuna njia tatu, si mbili. Mnaweza kusema hapana. Mnaweza kusema ndiyo. Na mnaweza kusema ndiyo, kwa masharti haya, na masharti yaandikwe.

TUSISAHAU KIWANDA CHETU CHA SAMAKI

Hapa Kalokol hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Kile kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa jengo zuri sana. Nia ilikuwa njema. Lakini kugandisha samaki katika joto letu kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikawa kubwa kuliko bei ya samaki. Kilifanya kazi muda mfupi tu. Halafu maji ya ziwa yakarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson ikakauka katika miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano, na wafadhili wakaondoka. Kuta zikabaki.

Ukumbi hauna mashine za kugandisha, ni kweli. Lakini una paa litakalong'olewa na upepo, choo kitakachojaa, taa za sola zitakazohitaji betri mpya, na ufunguo utakaokaa kwa mtu fulani. Mkiuliza tu "nani atajenga?" mmeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni "nani atautunza miaka kumi baadaye, na kwa pesa gani?"

SHERIA INASEMA NINI SIKU HIZI?

Tangu Katiba ya mwaka 2010 mambo yamebadilika, na ni vizuri kila kikundi kijue mambo matano.

1. Ardhi ni ya nani? Katiba inataja ardhi ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Mshika mfuko wa mwenzake si mwenye pesa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaikataza kaunti kuuza ardhi hiyo au kuigeuza kwa faida ya watu binafsi.

2. Jamii ikiandikisha ardhi yake, uamuzi mkubwa unatoka kwenye mkutano wa watu wazima wote wa jamii, siyo kwa wazee watatu chini ya mti wala kwa mwenyekiti peke yake. Mkutano huo unachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Mkataba na mwekezaji juu ya ardhi hiyo unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya mkutano. Tena jamii inaweza kutenga sehemu maalum, kwa mfano za malisho, za mila na ibada, au za kukuza mji.

3. Habari ni haki yenu. Chini ya sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, mnaweza kuiandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili, bila kulipia ombi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumsaidia ombi lake liandikwe.

4. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inawapa wananchi haki ya kupeleka malalamiko na maombi kwa kaunti na kushirikishwa katika mipango na bajeti. Ukumbi unaojengwa kwa pesa za kaunti lazima uonekane ndani ya bajeti. Basi msingoje siku ya kukata utepe. Nendeni siku ya kujadili bajeti.

5. Mlango wa mahakama umefunguliwa. Lile lililomfungia Profesa Maathai nje mwaka 1989 halipo tena. Katiba inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa faida ya umma, na katika mambo ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Lakini kesi ni ndefu na ghali. Iwe mlango wa mwisho, siyo wa kwanza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, hesabuni matumizi ya uwanja. Wapeni watu wawili kazi ya kukaa pale wiki nzima na daftari: nani anakuja, saa ngapi, kufanya nini. Wasisahau watoto, wachungaji wanaopitisha mifugo, na wanaouza makaa na samaki, maana hao hawaji mikutanoni.

Pili, ulizeni ofisi ya ardhi ya kaunti kwa barua: uwanja huu ni ardhi ya aina gani, na umepangiwa nini? Hifadhini nakala. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, tafuteni mahali pengine pa kulinganisha. Labda kuna jengo la zamani linaloweza kutengenezwa. Labda kuna kipande kilichovamiwa na mathenge kinachoweza kusafishwa, na uwanja ukabaki uwanja. Angalieni pia njia ya maji ya mvua. Laga kavu leo, kesho ni mto.

Nne, mkikubali ujenzi, andikeni masharti: ukubwa wa kipande kitakachochukuliwa, miti isiyokatwa, njia ya mifugo, ada ya kutumia ukumbi, kamati yenye wanawake na vijana, na akaunti ya matengenezo. Ombeni kuona kibali cha ujenzi cha kaunti, na kama mradi ni wa kuhitaji ukaguzi wa mazingira, ombeni kuona karatasi za NEMA.

Tano, someni masharti hayo kwa sauti barazani, kwa Kiturkana na Kiswahili, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au kidole gumba.

Mtu mmoja akiuliza maswali haya ataambiwa ni mpinzani wa maendeleo. Vikundi kumi vikiuliza kwa pamoja, vitaitwa mezani. Na wakati wa kuuliza ni kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa. Ua ukishazungushwa, hata aliye upande wenu huanza kusema, "Lakini si kazi imeshaanza?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mji wetu, ni viwanja gani vya wazi vimebaki? Vilikuwa vingapi tulipokuwa watoto?
2. Nani angepoteza zaidi kama kimojawapo kingejengwa? Je, mtu huyo yuko kwenye kikundi chetu?
3. Tunajua jengo gani la jamii lililofungwa au kuachwa? Lilikosa nini: pesa, mtunzaji, au wenyewe?
4. Kama tunahitaji ukumbi kweli, tungetaka ukae wapi, na nani ashike ufunguo?
5. Ni barua gani moja tunaweza kuandika mwezi huu, na nani ataipeleka?

Mkimaliza, chagueni mtu wa kuandika majibu, na mkutano ujao muanze kwa kusoma mlichoandika.