Mionzi Haioshwi kwa Maziwa

"Daktari, hii mionzi iliyobaki kichwani tutaitoaje?" Wiki iliyopita aliniuliza mama mmoja aliyemleta mumewe kliniki. Kikapuni alikuwa na chupa ya maziwa na unga wa mkaa uliofungwa kwenye karatasi. Mumewe alitibiwa kwa mionzi miaka miwili iliyopita, saratani ya nyuma ya pua. Siku hizi anasahau majina ya wanawe, na kifafa kimeshamwangusha mara mbili.

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo nalijibu bila kuzunguka: hakuna mionzi iliyobaki. Mashine, iwe ya kobalti au hizi mpya za umeme, hurusha miale inayoingia mwilini, ikafanya kazi yake na kwisha papo hapo. Ukizima taa, hakuna mwanga unaobaki chumbani wa kufagia. Mgonjwa akishuka kwenye kitanda cha mashine anaweza kumpakata mjukuu wake jioni hiyo hiyo. Wanaonibishia hunitajia jirani aliyetengwa hospitalini siku kadhaa. Huyo alimeza iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo. Hiyo ni tiba nyingine kabisa, na hata mionzi yake hupungua kwa nusu kila siku 8.

Sasa maziwa yanakwenda kuosha nini? Yanashuka tumboni, yanameng'enywa kama chakula kingine. Mkaa nao hunasa baadhi ya sumu zikiwa bado tumboni, lakini ubongoni haufiki. Tena unaweza kunasa vidonge vya kifafa alivyotoka kumeza mgonjwa, ukatoka navyo chooni.

Baya zaidi ni sharti la wauza dawa za "kusafisha mionzi": acha kwanza vidonge vya hospitali. Mtu aliyetumia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kwa wiki kadhaa, tezi zake za juu ya figo zimeshalala. Akiacha ghafla, ubongo unavimba upya, presha inaporomoka, anazimia. Wengine hufa. Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo wakiwa hawajitambui, na hasira yangu kwa wauzaji hao siifichi.

Kilichobaki kichwani ni jeraha. Miale iliyoua saratani iliumiza pia kuta za mishipa midogo ya damu, pamoja na seli zinazotengeneza utando wa mafuta wa nyuzi za neva. Madhara hayaonekani siku hiyo. Miezi 6, mwaka, hata miaka kadhaa baadaye, mishipa inaziba na kuvuja, sehemu ya ubongo iliyo karibu inajaa maji, tishu zinakufa. Kwa saratani ya nyuma ya pua, sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio hukaa karibu mno na njia ya miale, na huko ndiko kumbukumbu hutunzwa. Ndiyo maana baba yule anasahau.

Swali la kuuliza ni hili: ni jeraha, au saratani imerudi? MRI moja ya kawaida mara nyingi haitofautishi, kwa kuwa vyote viwili hung'aa vilevile. Itarudiwa, itaongezwa picha ya mtiririko wa damu, pengine kitakatwa kinyama kipimwe. Likiwa jeraha, asiye na dalili hufuatiliwa tu. Mwenye dalili hupewa deksamethasoni, sukari ikipimwa, na dozi ikishushwa polepole. Isipotosha, kuna bevasizumabu ya kupitia mshipani, inayozuia mishipa kuvuja. Ni ghali, na ina hatari ya damu kuganda au kuvuja kwingine. Penye mgandamizo mkubwa, upasuaji. Tiba ya oksijeni ya mgandamizo ushahidi wake ni mdogo, usiuze shamba kwa ajili yake.

Ukimleta mgonjwa wako, njoo na karatasi za tiba ya kwanza zinazoonyesha dozi na eneo lililopigwa mionzi, pamoja na picha zote za MRI za zamani. Maziwa anywe kama anayapenda. Vidonge asiache hata siku moja bila daktari wake kusema.