Hesabu Inayoiumbua Tochi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya babu mmoja, mlinzi wa ghala, na mjukuu wake, binti wa darasa la saba aliyependa hesabu kuliko kucheza rede.

Tochi ya babu iliharibika. Mlinzi wa usiku bila tochi ni sawa na mlinzi aliyefumba macho, kwa hiyo mshahara ulipotoka babu alitenga fedha, akamchukua mjukuu wake, wakaenda dukani.

"Shikamoo, mama," binti alimwamkia mwenye duka.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Niwape nini?"

"Tochi ndogo yenye mwanga mkali," alisema babu. "Ya aina ile wanayobeba askari."

Mama alitoa mbili. Zote zilikuwa fupi, zenye mwili wa alumini na swichi mkiani. Tochi ya askari huundwa hivyo kwa makusudi: ukiishika ndani ya ngumi, kidole gumba hukaa juu ya swichi; ukibonyeza kidogo inawaka, ukiachia inazimika papo hapo. Zote zilitumia betri moja ya kuchaji, aina ya 18650, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65.

Boksi la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa: lumeni 1,000 kwa saa 10. La pili lilikuwa na maneno madogo na mengi: lumeni 800 katika mwanga wa juu, lumeni 150 kwa saa 7 katika mwanga wa kati, kandela 6,400, mita 160. Hiyo ya pili ilizidi bei kidogo.

Babu alinyoosha mkono kuchukua la kwanza. "Subiri kidogo, babu," alisema mjukuu. "Mama, naomba kalamu na kipande cha karatasi."

Kabla sijawaambia aliandika nini, tujue kwanza tochi imetoka wapi. Mwaka 1899, mvumbuzi David Misell wa mjini New York alipewa hataza ya taa ya mkononi: betri tatu zilizopangwa ndani ya bomba, na balbu mbele. Betri zile zilikuwa dhaifu, hivyo mtu aliwasha kidogo, akazima, akazipumzisha. Karibu karne nzima baadaye, katika miaka ya 1980, kampuni moja ya Marekani iliuza kwa jina la SureFire tochi ya kiganjani, 6P, ambayo polisi waliisifu kwa ukali wake. Ilitoa lumeni 65, na betri zake ziliisha baada ya saa moja hivi.

Kilichobadili mambo ni LED, kijipande kinachotoa mwanga umeme ukipita ndani yake. LED nyekundu zilikuwapo tangu 1962, lakini mwanga mweupe ulihitaji LED ya buluu, na hiyo iliwatoa wanasayansi jasho kwa miaka mingi. Wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliofanikiwa, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ukichungulia LED ya tochi ikiwa imezimwa, utaona kidoa cha unga wa manjano. Chini ya unga huo kuna LED ya buluu. Sehemu ya mwanga wa buluu hugeuzwa na unga kuwa wa manjano, na rangi hizo zikichanganyika, jicho huona nyeupe.

Sasa turudi kwenye karatasi ya binti.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Mwanga huo hautoki hewani. Hutoka kwenye betri. Betri ni mtungi wa maji: ukifungua bomba kwa nguvu, mtungi huisha upesi, na hakuna bomba linaloweza kutoa maji mengi kuliko yaliyomo. Betri nzuri ya 18650 hubeba takriban miliampea-saa 3,500, yaani ampea-saa 3.5, kwa volti 3.7. Binti alizidisha: 3.5 mara 3.7 ni karibu 13. Hizo ni wati-saa 13, na ndiyo akiba yote iliyomo.

Kisha aliandika madai ya boksi la kwanza. Lumeni 1,000 mara saa 10 ni 10,000. Akagawanya kwa 13, akapata takriban 769. Maana yake, ili tochi ile itoe lumeni 1,000 kwa saa zote 10, kila wati moja ya umeme ingelazimika kutoa lumeni 769.

"Babu," alisema, "hii haiwezekani popote duniani."

Naye alikuwa sahihi. Hata taa ambayo ingeugeuza umeme wote kuwa mwanga wa kijani, rangi ambayo macho yetu huiona kwa wepesi zaidi, isingevuka lumeni 683 kwa wati moja. Huo ni mpaka wa maumbile, na hakuna kiwanda cha kuuruka. Tochi halisi za LED hupata kama lumeni 100 kwa wati, nyingine zaidi kidogo. Umeme mwingi hugeuka kuwa joto, na ndiyo sababu mwili huwa wa alumini, ili joto litoke upesi. Ndiyo sababu pia tochi ndogo zenye mwanga mkali hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Zisipofanya hivyo zinaweza kuungua.

Akageukia boksi la pili. Lumeni 150 mara saa 7 ni 1,050. Gawanya kwa 13, unapata 81. Hilo linawezekana kabisa.

"Na hizi mita 160?" aliuliza babu. "Nitamtambua mtu aliyesimama huko?"

Swali la mtu mzima hilo! Kandela hupima ukali wa mwale pale katikati. Tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, utapata mita. Kipeuo cha 6,400 ni 80. Mara mbili ni 160. Hesabu imekubali. Lakini kwa kanuni ya upimaji ya ANSI FL1, iliyoanza Marekani mwaka 2009, umbali huo ni pale mwanga unapofifia hadi robo ya laksi, kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu; ni karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Huko utaona kuna kitu, sura hutaitambua. Ukisogea hadi nusu ya umbali, mwanga huwa mara nne. Ukifika robo, huwa mara 16. Kwa hiyo babu ahesabu mita 40 za kuona vizuri, si 160.

Kanuni hiyo hiyo inasema muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa zilizoandikwa kwenye boksi hazikuahidi mwanga uleule hadi mwisho.

Walinunua ya pili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na boksi la kwanza lilikuwa limejitembeza mno.

Nyumbani kazi iliendelea, kwa sababu hata boksi lenye hesabu safi lazima lithibitishwe. Fanyeni nanyi vivyo hivyo. Simamisha tochi ielekee dari katika chumba chenye giza, weka simu yenye programu ya kupima mwanga mahali pamoja bila kuisogeza, andika namba kila baada ya dakika 10, uone mwanga unavyoshuka. Pima betri kwenye mizani: 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Nyepesi mno, au iliyoandikwa miliampea-saa 9,900, imekudanganya. Kama boksi lina alama ya IPX7, tochi inapaswa kustahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. IPX4 ni ya kurushiwa maji tu, usiizamishe. Na msimmulike mtu machoni kamwe. Mwanga mkali huumiza, na ule wa kuwaka na kuzimika harakaharaka unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

Fedha ya mlinzi hupatikana kwa kukesha. Anayeandika uongo kwenye boksi anamwibia mtu aliyekesha, na kuzidisha na kugawanya mnakofundishwa darasani kunatosha kumzuia. Hesabu hii hufaa pia kwa taa ya sola na kwa pawabenki. Mkubwa wenu akitaka kununua, ombeni kalamu kabla hajatoa fedha mfukoni.