Mali Bila Daftari, Daftari Bila Jumla

Katika kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, gogo la mpingo hupewa namba kabla ya kupewa bei. Hupimwa kipenyo na urefu, ujazo wake hukokotolewa kwa mita za ujazo, kisha huandikwa. Mwaka 2009 Kikole na kijiji cha Kisangi, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, vilipata cheti cha FSC cha misitu inayosimamiwa vizuri, na vikawa vya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Cheti cha namna hiyo kimejengwa juu ya maandishi: anayenunua zumari ya klarineti huko Ulaya aweze kuhakikishiwa kuwa mti wake una kisiki kinachojulikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo ilikuwa imekwisha kuvipa vijiji uwezo wa kutenga msitu wao, kuuza mazao yake na kubaki na mapato. Haki hiyo ilikuja na wajibu. Kila robo mwaka mkutano mkuu wa kijiji unastahili kusomewa mapato na matumizi, na mwananchi aliyekaa chini ya mwembe ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza pesa ya gogo fulani ilikwenda wapi.

Hesabu za aina hii, ziwe za msitu, za VICOBA au za chama cha wavuvi, zinazidi kuhama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye lahajedwali, yaani Excel, LibreOffice na ndugu zao. Na huko kuna tatizo ambalo kila anayeanza hukutana nalo. Fomula imeandikwa, kitufe cha Enter kimebonyezwa, na seli iliyotakiwa kutoa jumla imekaa kimya: haina kitu, au ina sifuri, au inaonyesha fomula yenyewe kama maandishi ya kawaida. Wengi husema kompyuta ni mbovu, kisha huchukua kikokotoo cha simu, hujumlisha pembeni, na kuiandika namba ndani ya seli kwa mkono. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Seli tupu ina sababu, sababu hiyo hutafutika kwa utaratibu, na anayeifunika kwa namba ya mkono amefuta ushahidi pekee uliokuwa unamwambia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari ambalo jumla yake haitoki lenyewe liko njiani kuwa vilevile.

Ili kuitafuta sababu, ni lazima kwanza tujue seli ni nini. Tangu Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc nchini Marekani mwaka 1979, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo, wazo la msingi halijabadilika: ndani ya seli moja mna mambo mawili, kile ulichoandika na kile unachoonyeshwa. Ukiandika fomula, programu huisoma, huikokotoa, kisha huyavisha matokeo vazi la mwonekano, yaani idadi ya desimali, alama ya fedha, rangi. Kwa hiyo jumla isiyoonekana imekwama mahali pamoja kati ya manne. Ama fomula haikutambuliwa kuwa ni fomula. Ama imetambuliwa lakini haijakokotolewa. Ama imekokotolewa lakini matokeo yamefichwa. Ama imekokotolewa juu ya vitu ambavyo si namba. Anayekagua kwa mpangilio huo hapapasi gizani.

Mahali pa kwanza ni rahisi kupaona, kwa sababu fomula yenyewe hujianika kwenye seli. Huenda alama ya sawa haikuwekwa mwanzoni, au imetanguliwa na nafasi tupu, au na ile alama ndogo ya ritifaa tunayoiona kwenye ng'ombe, ambayo huiambia programu ichukue kila kinachofuata kama maandishi. Huenda pia seli iliwekewa mtindo wa maandishi kabla fomula haijaingia. Hapa wengi hukwama, maana hubadilisha mtindo na bado hawaoni badiliko. Programu haitaisoma upya fomula mpaka uingie ndani ya seli kwa F2 na kubonyeza Enter tena. Na kama fomula za ukurasa mzima zimejianika kwa pamoja, basi kuna aliyewasha mwonekano wa fomula kwa bahati mbaya, kwa kubonyeza Ctrl pamoja na kitufe kilicho kushoto mwa tarakimu 1. Kuvibonyeza tena hurudisha mambo yalivyokuwa. Mahali pa pili pana ujanja zaidi. Ukokotoaji unaweza kuwa umewekwa ungoje amri ya mtumiaji, na Excel huchukua mpangilio huo kutoka kwenye faili la kwanza unalolifungua. Faili lililotumwa na mtu mwingine linaweza hivyo kuyafanya mafaili yako yote ya asubuhi hiyo yaache kujikokotoa. F9 huamuru hesabu ifanyike, na katika menyu ya fomula unaweza kurudisha ukokotoaji wa moja kwa moja. Faili lililopokelewa kwa barua pepe nalo mara nyingi hufunguka likiwa limekingwa, na halikokotoi chochote mpaka uruhusu uhariri.

Mahali pa tatu matokeo yapo, ila hayaonekani. Maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe yametosha kuficha jumla nyingi. Kuna mpangilio unaoficha kila sifuri, na kuna mtindo wa kihasibu unaoigeuza sifuri kuwa kistari. Kuna fomula zilizoamriwa zinyamaze: aliyetengeneza karatasi aliandika kwamba kama kipenyo hakijajazwa, seli ya ujazo ibaki tupu, ili ukurasa upendeze. Hilo si kosa. Lakini anayekuja baada yake, asipojua amri hiyo ipo, ataona utupu na kudhani ni uharibifu. Kipo pia kisa cha jumla inayojihesabu yenyewe, pale seli ya jumla inapokuwa ndani ya orodha inayojumlishwa. Excel huonya, mtu hufunga onyo bila kulisoma, kisha hubaki akiitazama sifuri.

Mahali pa nne ndipo penye hatari kubwa zaidi, na kwetu pana sura yake ya kienyeji. Tuchore karatasi ya mfano, isiyo ya kijiji chochote. Wanunuzi watano wamelipa, na malipo yameandikwa kutoka D2 hadi D6: 350,000, kisha 420,000, kisha 280,000/=, kisha 500,000, kisha 150,000. Seli ya D7 ina =SUM(D2:D6). Jumla ya kweli ni 1,700,000. Karatasi inaonyesha 1,420,000. Hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo. Kilichotokea ni kwamba mwandishi, kwa desturi yetu ya tangu risiti za karatasi, ameifunga namba kwa mkwaju na alama ya sawa ili asije mtu akaongeza sifuri nyuma yake. Kwenye risiti hiyo ni kinga. Kwenye lahajedwali alama hizo mbili zimeigeuza namba kuwa neno, na SUM huyaruka maneno kimyakimya kama inavyoviruka vichwa vya safu. Kama angewafungia wote watano namna hiyo, jumla ingekuwa sifuri, na kama sifuri zimefichwa, seli ingekuwa tupu kabisa. Ndugu wa kosa hili ni wengi: kipenyo kilichoandikwa 30 sm badala ya 30, ujazo uliofuatishwa na m³, seli iliyofutwa kwa kitufe cha nafasi ikabaki na nafasi isiyoonekana ndani yake.

Jicho lililozoea hulikamata kosa hilo kabla ya fomula yoyote. Pasipo kuamriwa vingine, namba husimama upande wa kulia wa seli na maneno upande wa kushoto; katika safu yetu ya mfano 280,000/= imekwenda kusimama peke yake kushoto. Lakini jicho huchoka, hasa orodha ikiwa na magogo mia mbili, kwa hiyo inafaa kuiachia karatasi ijikague. COUNTA huhesabu seli zote zenye kitu, COUNT huhesabu zenye namba tu. Andika =COUNTA(D2:D6)-COUNT(D2:D6) na mfano wetu utakujibu 1: kuna kitu kimoja ndani ya orodha kinachojifanya pesa na si pesa. Dawa yake ni kutafuta /= katika safu nzima na kuibadilisha kwa utupu. Anayeipenda alama hiyo ionekane, na ina haki ya kuonekana kwa kuwa ndiyo desturi ya wasomaji wetu, aiweke kwenye vazi la seli kwa mtindo #,##0"/=". Hapo namba hubaki namba, na mkwaju hubaki pambo.

Yapo mapingamizi, na yanastahili majibu. La kwanza husema: kama najua jibu sahihi ni 1,700,000, kwa nini nisiliandike tu nikaendelea na kazi? Kwa sababu namba ya mkono haisikii. Kesho mnunuzi wa pili akirudishiwa 20,000 kwa gogo lenye ufa, safu itabadilika na jumla itabaki pale pale, na hakuna atakayejua. Jamaa wa mwandika namba kwa mkono ni anayeizingira kila fomula kwa IFERROR ili kosa lolote lionyeshe utupu. Alama za makosa huchukiza macho, nakubali, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyo hiyo. Lililonyamazishwa husafiri hadi kwenye ripoti. Dunia imelipia somo hili. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, iliyonukuliwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alilifungua faili lao na kukuta fomula ya wastani imeziacha nje nchi 5 kati ya 20. Halikuwa kosa pekee katika kazi ile, lakini lilipita miaka mitatu bila kuonekana kwa sababu seli ilitoa namba yenye sura nzuri. Na kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, karibu visa 16,000 vya UVIKO-19 nchini Uingereza vilikosekana katika takwimu za kila siku, kwa kuwa faili la mtindo wa zamani wa Excel haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikulia. Ilidondoka tu.

La pili husema: basi turudi kwenye daftari, lisilo na fomula wala mitindo iliyofichika. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na sioni sababu ya kuliacha daftari. Wino una sifa ambayo seli haina, kwamba ukifutwa huacha alama, na pale gogo linapopimwa msituni hakuna chombo kinachoushinda. Lakini daftari nalo hukosea kimya, kwa tarakimu iliyorukwa wakati wa kuhamisha jumla kutoka ukurasa hadi ukurasa, na halina COUNT wala COUNTA ya kumwambia mwandishi kwamba ameruka. Vyombo viwili vikisimama pamoja, kila kimoja huwa shahidi wa mwenzake. La tatu husema kazi hii iachiwe wataalamu. Mtaalamu anaweza kujenga karatasi, lakini hayupo kijijini siku ya mkutano. Mahali pale pana mweka hazina, mjumbe wa kamati ya maliasili aliyechaguliwa na wenzake, na ndiye atakayetazamwa usoni pakionekana pengo la 280,000. Kumwacha bila ujuzi wa kutofautisha namba na neno ni kumwacha alipie kwa jina lake kosa la alama mbili za uandishi. Mwizi na aliyeandika /= huonyesha jumla ile ile pungufu, na mkutano usiokuwa na namna ya kuwapambanua utamhukumu aliye karibu.

Ndiyo maana swali la seli tupu linavuka mipaka ya ufundi. Kijiji kilichopewa haki ya kuuza mti wake kimepewa pia haki ya kuielewa hesabu yake, na hesabu ambayo mtu mmoja tu anaweza kuieleza haijawa ya kijiji bado. Utaratibu wenyewe unaingia katika dakika chache za mafunzo: tazama kama fomula imetambuliwa, kama imekokotolewa, kama imefichwa, kama imelishwa maneno badala ya namba. Kisha kila ripoti iwe na mstari mmoja chini ya jumla, mstari wa ukaguzi, unaotoa tofauti kati ya vilivyoandikwa na vilivyohesabiwa, nao usomwe kwa sauti mkutanoni pamoja na mapato na matumizi. Mahali pengine pote katika karatasi sifuri isiyotarajiwa ni ya kutiliwa shaka. Hapo chini ndipo wananchi wanapaswa kuidai, na wasinyanyuke mpaka waisikie.