Fimbo Haimfundishi Mtoto Kunyoosha Mkono

Kila kikao cha wazazi, swali ni lile lile: "Mwalimu, huyu wangu darasani hajibu, hanyooshi mkono. Si umchape kidogo achangamke?" Nalijibu hapa, lisirudi tena.

Hapana. Fimbo haimchangamshi mtoto, inamnyamazisha. Ingia darasa la nne mwalimu akiuliza nane mara saba huku ameshika fimbo. Macho ya watoto hayako ubaoni, yako kwenye fimbo. Mwenye shaka atainamia daftari, maana akikosea atachapwa, akinyamaza huenda akasahaulika. Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", wote wataitikia "Ndiyooo!", na asiyeelewa atakuwa amejificha ndani ya sauti hiyo. Hilo ndilo darasa mnalolisifu kwa nidhamu!

Mtasema, "Sisi tulichapwa, mbona tumefika?" Wanaosema hivyo ni waliofika. Waliomkwepa mwalimu wa zamu getini, wakazoea utoro, hatimaye wakaacha shule, hawamo kikaoni kutoa ushahidi. Ninyi mlifaulu kwa juhudi zenu na kwa walimu waliojua kufafanua somo. Fimbo inapewa sifa isiyo yake.

Wala msijifiche nyuma ya sheria. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinaviruhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kutojua nane mara saba si utovu wa nidhamu.

Mfanye nini basi? Mpimeni mtoto macho na masikio. Changieni uji wa shule. Mwenye njaa hana nguvu ya kujibu. Mwalimu, ukiuliza, subiri: miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha kuwa walimu husubiri kama sekunde 1 tu, na wakifikisha 3 majibu hurefuka na wanyamavu huanza kusema. Waache kwanza wajadiliane wawili wawili. Hata darasa la watoto 80 linaweza. Akikosea, muulize amefikaje hapo. Mzazi, acha kumlinganisha na dada yake.

Mtoto hujifunza anapothubutu kukosea mbele ya wenzake. Mwondoleeni hofu ya kukosea muhula huu, msingoje mwakani.