Kamera kuukuu, kwa mwenyewe si takataka

MJOMBA wangu alikuwa na kamera aina ya Pentax K1000 ambayo watu wa nyumbani kwake Nakuru walikuwa wamechoka kuiona. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya mkoba wa ngozi uliokatika kamba. Kila Jumamosi aliishusha, akaipangusa kwa leso na kuirudisha. Hakuibonyeza hata mara moja. Mke wake alipomwambia aiuze wapate nafasi ya kuweka redio, mzee alinyamaza tu kama asiyesikia.

Sisi watoto tulicheka. Lakini kamera hiyo ndiyo iliyopiga harusi, sherehe za kufunga shule na picha za vitambulisho za nusu ya mtaa wao. Ndiyo iliyolipa karo ya wanawe watatu. Ng'ombe aliyekunyweshea watoto maziwa miaka 20 utamchinja kwa sababu amezeeka?

Yamkini msomaji unadhani huo ni ukaidi wa mzee mmoja. La hasha. Ugonjwa huu umewapata hata wapigapicha wenye majina makubwa, na mmoja wao aliuambukizwa hapa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1950 kijana wa Kiingereza, Don McCullin, aliyekuwa katika jeshi la wanahewa la Uingereza, alijikuta Nairobi. Akiwa hapa alinunua kamera yake ya kwanza, Rolleicord, kwa pauni 30. Hiyo ni ile kamera ya macho mawili, moja juu ya jingine, ambayo mpigapicha huishika karibu na kifua na kuichungulia kwa juu kana kwamba anatazama ndani ya kisima.

Aliporejea London mambo yakamwendea kombo, mfuko ukakauka, akaiweka kamera rehani. Hapo ndipo hadithi ingekwisha, na dunia isingemjua. Mamake alitoa pesa zake mwenyewe, akaikomboa. Mnamo 1959 gazeti la The Observer lilichapisha picha aliyowapiga vijana wa genge la mtaani kwao Finsbury Park wakiwa ndani ya jengo lililobomoka, na tangu siku hiyo hakukosa kazi. Mara nyingi husifiwa mpigapicha, mara chache kamera. Mama aliyekwenda kulipa deni hatajwi kabisa.

Baadaye McCullin alikwenda vitani: Congo, Vietnam, Biafra. Nchini Cambodia mwaka wa 1970 risasi ilipiga kamera yake, Nikon F, badala ya kumpiga yeye. Kamera ikaharibika, mwenyewe akapona. Hakuitupa. Wewe ungeitupa?

Lakini si kila mpigapicha ameokolewa na kamera yake kutokana na risasi. Wengi wanaeleza jambo la kawaida zaidi, nalo ni mazoea ya mikono. Kamera za zamani zilimtaka mtu afanye kila kitu mwenyewe. Mkono wa kushoto hubeba lenzi na kuizungusha hadi sura ya mtu iwe wazi. Kidole gumba cha kulia huvuta filamu mbele, kingine hubonyeza. Ukiifanya kazi hiyo miaka kumi, vidole hupajua pa kwenda gizani bila kuuliza macho. Mpe mtu huyo kamera mpya yenye vitufe vilivyohamishwa na atahangaika kama dereva aliyepewa gari lenye usukani upande usio wake.

Pentax kama ya mjomba ilianza kutengenezwa mwaka wa 1976 na ikaendelea hadi 1997. Betri yake ndogo ni ya kupimia mwanga tu. Hata ikifa, kamera inafanya kazi, mradi mpigapicha ajue kukadiria jua kwa macho. Haina hata swichi ya kuizima: ukifunika lenzi, kipimamwanga nacho kinalala. Sidhani kama simu niliyo nayo mfukoni itakuwa ikiwaka baada ya miaka 40.

Huko Bamako, Mali, Malick Sidibé, aliyesifika kwa picha za vijana wakicheza dansi miaka ya 1960, alikuwa pia fundi wa kamera. Watu walimletea zilizokwama, naye akazifungua na kuzifufua. Rafu za studio yake katika mtaa wa Bagadadji zilijaa kamera kuukuu. Mwaka wa 2007 alituzwa Simba wa Dhahabu kule Venice, Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo, lakini studio iliendelea kuwa ile ile. Aliaga dunia mwaka wa 2016.

Kilichozishinda kamera hizi si uzee. Ni njaa. Kamera za kidijitali zilipoenea, na simu zikafuata, wateja wa filamu walitoweka na maduka ya kuisafisha yakafunga milango moja baada ya jingine. Kampuni ya Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Kamera nzima isiyo na filamu ni kama jiko zuri katika nyumba isiyo na unga.

Siku hizi wapo vijana wanaozitafuta tena. Wengine wanazipenda kwa dhati, wengine ni mapambo ya shingoni tu, na sina ugomvi nao. Ila ukiikuta moja kwenye sanduku la babu, tafadhali usikimbilie kufungua mgongo wake. Chukua kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu, upande wa kushoto juu, ukizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka ovyo, hamna kitu. Kikikataa, kuna filamu ndani, na mwanga ukiingia utaiunguza. Filamu iliyopigwa zamani hufifia, lakini mara nyingi huwa bado ina picha.

Haya niliyajua baada ya mazishi ya mjomba, shangazi aliponikabidhi ule mkoba kwa kuwa eti mimi ndiye "mtu wa magazeti". Nilizungusha kishikio kikakataa. Kihesabu kilionyesha 21. Shangazi, ambaye miaka yote alitaka kamera ile iuzwe, aliketi kitini na kuanza kuhesabu kwa vidole: harusi ya nani ilikuwa ya mwisho, nani alikuwa hai wakati huo, na yeye mwenyewe alivaa nguo gani.

Kisha akaniambia nisiipeleke popote kwanza, niirudishe juu ya kabati.