Joto na Gari la Kasi katika Nchi ya Ukambani

Mtu anunuapo gari la kasi lililokwisha kutumika, na katika Kenya gari hilo aghalabu huwa ni Subaru Impreza ya jamii ya WRX, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kuliongezea nguvu. Na kwa kuwa maduka ya spea ya Nairobi yamejaa mabomba ya moshi na vichujio vya hewa, na mafundi walio tayari kuiandika upya kompyuta ya injini kwa ujira hawaadimiki, hamu hiyo hupata wa kuitimiza kabla mwenyewe hajajua amenunua nini. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari kama hilo aishiye Kitui au Makueni, au aliye na wazee wake huko na kuwazuru kila apatapo faragha. Hoja yake ni kwamba kila nguvu iongezwayo katika gari huzaa joto, na kwamba nchi ya Ukambani, kwa milima yake na vumbi lake na jua lake, ni nchi isiyosamehe joto lililokosa njia ya kutokea. Atakayepanga matumizi yake ya kwanza kwa kufuata njia za joto atalifaidi gari lake miaka mingi. Na atakayeanza na nguvu, akaliacha joto lijitafutie njia, huenda asimalize mwaka.

Si ajabu kwamba gari hili limependwa sana kwetu. Kampuni ya Subaru ilianza kutumia injini ya boksa, yaani ile ambayo pistoni zake hulala ubavu na kuelekeana, katika gari la Subaru 1000 la mwaka 1966. Na kwa kuwa injini ya namna hiyo hukaa chini sana katika mwili wa gari, uzito wake hulifanya gari lishikamane na ardhi penye kona. Impreza WRX ya kwanza ilitoka mwaka 1992 ikiwa na nguvu za farasi 240 kutoka katika injini ya lita mbili yenye tabo, yaani chombo kiisukumacho hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na haikuchukua muda kujulikana hapa. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika mbio za magari za Safari akiendesha Impreza, mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa gari hilo hilo, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena. Lakini litazamwe vizuri gari lenyewe katika picha za zama zile: ubavuni mwa kioo cha mbele limefungwa bomba refu lipandalo hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu, mbali na vumbi na maji ya mito, nalo liliinuliwa na kuimarishwa chini kuliko magari ya mbio za Ulaya. Mafundi wale waliokuwa na fedha na maarifa ya kutosha, walipojiandaa kuja Kenya, waliikinga injini na kuiimarisha miguu ya gari, kwa sababu walijua kuwa nguvu waliyokuwa nayo ilikwisha kutosha.

Sheria yetu haikubali kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa hivyo WRX za zamani zinazouzwa leo zimekwisha kukaa hapa miaka mingi na kupita katika mikono ya watu kadha wa kadha, wengine waangalifu na wengine wasiojali. Kwa sababu hiyo fedha za kwanza hazina budi kutumika katika kulirejesha gari katika hali aliyoikusudia mwundaji. Mshipi wa majira, ule uunganishao mzunguko wa pistoni na ufungukaji wa vali, hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na katika injini hii ukikatika vali na pistoni hugongana. Basi ikiwa hakuna karatasi ithibitishayo lini ulibadilishwa, uhesabiwe kuwa haujabadilishwa. Mgandamizo wa kila silinda upimwe, mafuta ya injini yamwagwe na kutazamwa kama yana chembe za chuma, na rejeta ioshwe. Hayo hayana fahari barabarani. Hata hivyo, gari la farasi 240 ambalo uchakavu umelipunguzia 40 huzipata 40 hizo kwa bei nafuu kuliko njia yoyote nyingine, tena bila kuongeza hatari.

Baada ya hapo zifuate breki, na hapa inafaa kufanya hesabu kidogo, kwani wengi hudhani breki ni kitu cha kusimamishia gari tu, ilhali kwa mtazamo wa sayansi ni chombo cha kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 540, nayo yote, likisimamishwa ghafla, huingia katika diski nne za chuma kwa muda wa sekunde chache. Mwendo ukiwa 140, nishati haiongezeki kwa sehemu mbili katika tano kama mtu adhaniavyo, bali hukaribia kuwa maradufu, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa mwendo. Sasa achukue dereva gari hilo hilo juu ya vilima vya Mbooni au Kilungu, ambavyo vilele vyake hupita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ateremke mita 400 kwa mwendo usiobadilika: uzito wa gari utaachilia takriban kilojuli 5,500, sawa na kulisimamisha mara kumi mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine huchukuliwa na injini ikiwa dereva ameingiza gia ya chini. Inayosalia yote ni mzigo wa breki.

Joto hilo halikomi katika diski. Hupita katika pedi, likaingia katika pistoni ndogo za breki na kuyafikia mafuta ya breki, ambayo kwa tabia yake hufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji huweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Na yale ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka huzaa mvuke, na mvuke, kinyume cha mafuta, hubanika. Hapo dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni na gari lisipunguze mwendo. Kwa hivyo chupa moja ya mafuta mapya ya DOT 4, pamoja na pedi nzuri na diski zisizopinda, naihesabu kuwa badiliko la kwanza la kweli ambalo mwenye gari la kasi katika Makueni anapaswa kulifanya, na sioni la kulitangulia.

Tairi na shokamzoba zimo katika hesabu hiyo hiyo. Tairi lenye upepo mchache hujikunja na kujinyosha kila lizungukapo, na mpira, kwa kuwa haurudishi nishati yote uliyopewa, huhifadhi sehemu yake kama joto. Juu ya lami ya mchana baina ya Emali na Mtito Andei, ambako barabara ya Mombasa imekwisha kushuka hadi mita 750 hivi na jua ni kali, joto hilo ndilo lipasualo matairi. Anunuaye tairi asome tarakimu nne za ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, kwani mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani na meno yake yote. Ama shokamzoba, kazi yake ni kuula mtikisiko wa springi na kuugeuza kuwa joto la mafuta yaliyomo ndani yake. Barabara za murram ziendazo vijijini hufanya vijituta vingi vilivyofuatana, na hapo shokamzoba hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, mafuta yake yakapata moto, yakatoa povu, na gari likaanza kuelea badala ya kushika njia. Wale wapendao kulishusha gari lao ili lipendeze hukata springi na kuipunguzia shokamzoba nafasi ya kufanya kazi. Kwa mtu aendaye Mutomo au Ikutha kisha akaiacha lami kuelekea kwao, naliona jambo hilo kuwa ni kununua hasara.

Tufike sasa kwenye kichujio cha hewa, kwa maana hicho ndicho wanunuzi wengi huanza nacho, na ndicho kinachodhuru zaidi katika nchi yetu. Vumbi la Kitui na Makueni limejaa mchanga, kama waujuavyo wachotao mchanga katika mito ya Tiva na Thwake wakati wa kiangazi, na chembe za mchanga ni kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Chembe kubwa huzuiliwa na kichujio chochote. Ziletazo madhara ni zile zilizo baina ya maikroni 5 na 20, ambazo jicho halizioni zikiwa pekee, kwani hulingana na unene wa utando wa mafuta utenganishao pete za pistoni na ukuta wa silinda. Zikiingia humo husaga pande zote mbili. Kichujio cha karatasi alichokiweka mwundaji huzinasa chembe hizo kwa wingi, ilhali vile vya pamba iliyopakwa mafuta, viuzwavyo kwa sifa ya kupitisha hewa nyingi, hupitisha hewa kwa kuwa vitundu vyake ni vipana zaidi, na kipitacho humo si hewa peke yake. Fauka ya hayo, kichujio cha umbo la pia kikifungwa wazi ndani ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia tisa hivi, kwa hivyo mwenye gari huongezewa sauti akapunguziwa nguvu. Ayaache makazi ya kichujio alivyoyakuta, abadilishe karatasi mapema kuliko kitabu kisemavyo, na akague mipira ya bomba kama haina nyufa.

Kuhusu tabo yenyewe kuna jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni athari ya mwinuko. Mombasa shinikizo la hewa ni kilopaskali 101. Mjini Kitui, zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya bahari, ni kama 88. Injini isiyo na tabo hupungukiwa kwa kadiri hiyo hiyo, na hakuna la kufanya. Injini yenye tabo huweza kuirudisha hewa iliyopungua, na ndiyo maana gari hizi huonekana kuwa na heba ya pekee penye milima. Lakini fadhila hiyo ina gharama. Ili kuijaza silinda shinikizo la kilopaskali 190, tabo iliyoko Mombasa huizidisha hewa ya nje mara 1.9, na iliyoko Kitui haina budi kuizidisha karibu mara 2.2. Kwa hiyo huzunguka kwa kasi zaidi, na hewa itokayo humo, kwa kuwa kila kigandamizwacho hupata moto, huzidi ile ya Mombasa kwa nyuzi kama 20 hata kabla ya kufika kwenye kile kipoza-hewa kilalacho juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kompyuta ya mwundaji hulijua hilo: hupima shinikizo la nje na kupunguza madai yake juu ya tabo kadiri gari lipandavyo. Mafundi wengine huondoa kizuizi hicho na kuita kazi yao maendeleo. Mwenye gari asikubali, walau mpaka awe amefunga kipoza-hewa kikubwa zaidi, rejeta iliyo timamu, na saa za kuonyesha joto na shinikizo la mafuta ya injini.

Bomba pana la moshi, kwa hakika, huisaidia tabo kupumua, na kama bomba la zamani limeoza hakuna ubaya kuweka jema. Lakini lisitangulie, na lisipige kelele: tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za kuzuia kelele za kupita kiasi. Kadhalika kampuni ya bima iarifiwe kila badiliko la maana, kwa kuwa mkataba wa bima umejengwa juu ya kuambiana kweli, na siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza kilichomo ndani ya boneti.

Ndipo, baada ya yote hayo, ifike zamu ya kuiandika upya kompyuta. Gari lililoundwa kwa soko la Japani lilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hukaribia 100, na oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli kubanwa bila kujiwasha yenyewe. Zamani uvumilivu huo uliongezwa kwa madini ya risasi, na vema kwamba tangu mwaka 2006 risasi imeondolewa katika petroli ya sehemu hii ya Afrika, kwani ilikuwa sumu kwa watoto. Lakini petroli ya vituo vyetu vya kawaida iko chini ya ile ya Japani, na hewa ikiingia katika silinda ikiwa ya moto, sehemu ya mchanganyiko hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia, injini ikagonga, na mapigo yake yakapasua pistoni. Fundi mwadilifu anaweza kulikabili hilo kwa kuchelewesha cheche na kuongeza petroli kidogo penye mzigo mkubwa, hata kama nguvu itapungua katika karatasi ya vipimo. Basi mwenye gari amwambie wazi, kabla kazi haijaanza, kwamba vipimo vyote vichukuliwe gari likiwa na petroli ile ile itakayopatikana katika miji ya Wote na Mutomo, mchana wa jua, wala si kwa petroli bora iliyonunuliwa Nairobi asubuhi ya baridi.