Teksi mtandao: kwa nini baba anaita mwenyewe, mama anaitiwa?

Msikilizaji, wengi wetu wa Simiyu tunakutana na teksi mtandao siku ya safari. Unapanda basi Bariadi, unapita Lamadi na Magu, unashuka stendi ya Nyamhongolo jijini Mwanza, na mgonjwa wako amelazwa Bugando. Hapo ndipo unaposikia mtu akisema, "Ita Bolt."

Huduma hii si ngeni nchini. Uber ilianza Dar es Salaam mwaka 2016, na Taxify, ambayo leo tunaiita Bolt, ikafuata mwaka 2017. Unafungua programu kwenye simu janja, unaonyesha ulipo na unakokwenda, simu inakuonyesha nauli, kisha dereva aliye karibu anapokea. Kabla hajafika umeshaona jina lake, picha yake na namba ya gari, bajaji au pikipiki.

Kwa mwanamke, faida kubwa iko hapo kwenye jina na namba. Mwanamume akiulizwa kwa nini anaita teksi mtandao, mara nyingi atataja bei au haraka. Mwanamke anayefika mjini saa mbili usiku, mtoto mgongoni na mfuko wa michembe mkononi, ana swali jingine: huyu anayenibeba ni nani, na likitokea jambo atapatikana vipi?

Huku kwetu swali hilo lina jibu la zamani. Bariadi mjini programu yetu ni namba za simu. Mama anakuwa na namba ya bodaboda anayemfahamu, anajua kijiwe chake, pengine anajua hata kwao. Akikosewa, anakwenda kijiweni kushtaki. Teksi mtandao inajaribu kuweka picha na namba ya gari mahali pa ujirani huo, kwa sababu mjini hakuna anayemjua mwenzake.

Tatizo ni kwamba anayeuhitaji zaidi ulinzi huo ndiye mara nyingi hana simu ya kuupata. Ripoti ya GSMA ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni mdogo kwa asilimia 32 kuliko wa mwanamume. Nyumbani unaliona bila ripoti: simu janja ya baba, kitochi cha mama. Fedha za pamba zikiingia, simu inayobadilishwa kwanza tunaijua ni ya nani.

Kwa hiyo mama anaitiwa. Mtoto wake au shemeji aliyeko mjini anaita gari kwa simu yake, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Dereva anampigia mwenye simu, si abiria. Jina analoliona ni la mwanamume, naye anamtafuta mwanamume. Mama amesimama getini hajui gari ni lipi.

Dawa yake haihitaji simu janja. Anayekuitia akutumie kwa ujumbe wa kawaida namba ya gari, jina la dereva na nauli, kitochi kinapokea. Naye ampe dereva namba yako. Gari likifika, soma namba kwanza. Usimuulize dereva, "Wewe ndiye Juma?" Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Namba zisipolingana, usipande, hata akikwambia gari lile limeharibika. Ukiona hatari, namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kuna jambo halisemwi sana. Programu inatunza kumbukumbu ya safari zote. Mwanamke anayetumia simu ya mumewe anaacha humo kila alikokwenda, iwe kliniki au kwa ndugu. Wengine wanaona ni usalama, wengine wanaona ni kufuatiliwa, na sisi tunaona wote wana hoja. Dereva naye amejua unapoishi. Akikupigia baada ya safari kwa mambo yasiyo ya safari, mripoti ndani ya programu.

Na madereva wanawake? Ni wachache, kwenye teksi mtandao kama ilivyo kwenye bodaboda. Nairobi walijaribu njia yao: mwaka 2018 ilianzishwa An Nisa, teksi ya kuitwa kwa simu ambayo madereva wake ni wanawake na abiria wake ni wanawake na watoto.

Kwetu Tanzania mvutano uliosikika zaidi ulikuwa wa kamisheni. Mwaka 2022 LATRA iliishusha hadi asilimia 15, Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, ikarejea Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Katika mabishano yale yote, usalama wa abiria mwanamke haukusikika sana.

Kama una binti anayekwenda kusoma au kufanya kazi mjini, mfundishe kabla hajapanda basi: jinsi ya kuita, jinsi ya kukutumia safari yake uione kwenye simu yako, na jinsi ya kumkataa dereva.